Kivuli cha Buabua

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona ndege hata mmoja. Nilikuwa Riyadh nikisubiri ikama, kile kibali cha ukaazi, nalala chumba cha kupanga mtaa wa Batha, na roho haitulii. Nimetoka Tanga kuja kutunza ndege wa majini, halafu nimewekwa katikati ya jangwa! Ikama ilipotoka nikapelekwa Jeddah, na kusini mwa mji nikaonyeshwa lagoni yangu: maji ya bahari ya kina kifupi, yaliyokingwa na ukingo mrefu wa mchanga.

Ninyi vijana mnaoajiriwa sasa mna kamera za kuruka. Sisi tulikuwa na darubini na wasiwasi.

Majira ya baridi hayakunisumbua sana. Heroe na sululu walikuja kujilisha kwenye tope, na wakishtuliwa walisogea kidogo, wakarudi. Taabu ilikuwa kiangazi, buabua, wale ndege weupe wa pwani, walipotaga juu ya mchanga mtupu. Watu hudhani ndege huatamia ili yai lipate joto. Kule mzazi huatamia ili yai lisiive. Husimama juu yake kama mwavuli, na mara kwa mara huenda kulowesha manyoya ya tumbo, akarudi kulipoza. Ndiyo maana sheria yetu ilikuwa moja: jua likishapanda, mtu hakanyagi ukingo. Aliyenifundisha hayo ni msimamizi wa kituo, Mhijazi, mwenyeji wa pwani ile, mkali asiyependa mzaha na mayai.

Kiangazi kimoja wakaja wageni kutoka ofisi ya Riyadh. Walichelewa, na walipofika jua lilikuwa la utosi. Mkubwa wao, mkurugenzi wa miradi, akataka kupelekwa ukingoni apige picha na vifaranga. Nikamtazama msimamizi wangu. Akainamisha macho.

"Yalla, Bakari, washa boti," akasema.

"Jua hili, bosi? Ndege wataruka wote, mayai yataiva."

"Mara moja tu, halas. Mkubwa ameshasema."

Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, na watu wa kuurefusha ndio hao waliosimama wakijifuta jasho. Niliogopa, sifichi. Nikachomoa ufunguo wa injini nikamkabidhi.

"Endesha wewe, bosi. Mimi leo mafi, simo."

Aliushika akitazama ng'ambo, buabua walikosimama juu ya mayai midomo wazi kwa joto. Kisha akautia mfukoni, akamgeukia mkurugenzi kwa maneno ya heshima ya kwao. "Samahani, tawili umri. Boti ni mbovu."

Mkurugenzi alitutazama mmoja baada ya mwingine. Wakapiga picha kwenye mikoko, wakaondoka.

"Umenitia uongo mdomoni," msimamizi akaniambia, na siku ile hakunisemesha tena.

Nilisubiri barua ya kufukuzwa. Badala yake mkataba ukarefushwa. Yeye ndiye aliyehamishiwa Riyadh, kwenye meza ya ndani, kabla vifaranga hawajaota manyoya ya kurukia. Alianza kunipigia simu kila kiangazi, nami nikimweleza nilichokiona.

Sasa nimestaafu, niko Tanga, naye bado hupiga. Joto la kule likianza nakuwa mtu wa kukasirika bure, mke wangu amezoea. Simu inalia mchana, naijua kabla ya kuishika. Hatusalimiani sana.

"Wapo?" ananiuliza.

"Wapo, bosi," namjibu, wala sina njia yoyote ya kujua.