Glasi Mbili za Shemeji Lambert

Hakuna bia iliyowahi kuudanganya ulimi wangu.

Nifunge macho, niamshe usingizini, nipe funda moja tu. Nitakwambia hii ni kali, hii ni nyepesi, na hii mwenye baa ameitia maji.

Ndiyo maana pale Yeoville, huku kusini mwa Afrika, kwenye baa ninapohudumu, wananiita Ulimi wa Bellevue, mtaa ninaokaa.

Sasa kaa vizuri. Nikueleze siku ulimi huo uliposema kweli bila mimi kukusudia, na kweli hiyo ikamlaza shemeji yangu kitandani.

Shemeji Lambert ni mume wa yaya Victorine, dada yangu mkubwa. Mlinzi. Usiku anasimama kwenye geti la matajiri Sandton, asubuhi anarudi Bellevue, kwenye nyumba kuukuu iliyokatwakatwa vyumba, tunamopanga sisi na nusu ya Afrika.

Akirudi tu, anafungua kwart yake. Chupa kubwa, bia kali, ile ambayo ukiimaliza unazisalimia hata robot, zile taa za barabarani.

Mwanzoni mwa mwaka huu macho yake yakaanza kuwa ya njano.

Daktari hakumzungusha. Ini limechoka, acha pombe. Yaya, anayemjua mumewe, akaona walau aanze na bia nyepesi.

"Nyepesi?" Lambert akang'aka. "Victorine, unataka ninywe maji yaliyooshea glasi?"

"Hata hujaionja, baba Benita!"

"Anayeumwa ni ini, siyo mdomo. Bia isiyo na ulevi haina ladha. Muulize Gaël hapo."

Wote wakanigeukia. Nikacheka tu, maana maneno hayo alikuwa ameyatoa kwangu. Baa nzima inajua ninavyosema: bia nyepesi ni busu la kwenye simu.

Basi nikamleta Moffat. Mkenya, mteja wangu, mtu wa benki. Katikati ya wiki anafunga tai, wikendi anapika bia kwenye gereji yake. Akaja na chupa za bia yake nyepesi, hazina hata lebo.

"Mzee, si uonje kwanza?" akamwambia Lambert. "Wengi wakipunguza ulevi wanapunguza kila kitu. Mimi sipunguzi shayiri, sipunguzi uchungu. Ladha haitoki kwa ulevi peke yake."

Maneno hayo yaliingia sikio langu hili, yakatokea lile.

Lambert alikataa hata kuinusa. Ila akatoa kauli.

"Jumapili, tukitoka kanisani, mfungeni Gaël macho. Glasi mbili, ya kwangu na ya huyu mtu wa benki. Akishindwa kujua ipi ni kali, naapa mbele ya Mungu, kuanzia siku hiyo nakunywa ya Moffat. Akijua, msinisumbue tena mpaka kaburini."

Lambert ana mabaya yake, lakini kiapo chake ni chuma.

Yaya akanivuta jikoni.

"Mdogo wangu, nakuomba. Shindwa."

"Yaya, na jina langu je?"

"Jina lako litanilelea Benita? Shindwa, mara moja tu."

Machozi yalikuwa yameshamjaa machoni. Nikamwambia, "Sharp, yaya. Hilo dogo."

Na kweli lilikuwa dogo. Ningeonja zote, ningejua ipi ni kali, halafu ningetaja ile nyingine. Kwa ulimi kama wangu? Kazi ya kuchezea!

Jumapili ua ulijaa, kila chumba kimetoa watu. Wa kumimina alikuwa mama Léocadie, msusi wa chumba cha mbele, Mrundi. Yeye hanywi, kwaya yao hairuhusu, kwa hiyo hana upande. Alimimina amekunja uso kama anayemwaga mkojo wa mtoto.

Nikafungwa macho kwa kitenge cha yaya.

Glasi ya kwanza.

Eish!

Nzito. Chungu vizuri, ina harufu ya karanga zinazokaangwa, inakaa mdomoni kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko jikoni. Nikalamba hadi povu la midomoni. Nikawaza, hii ndiyo kali, hakuna mjadala.

Glasi ya pili.

Tamutamu, imepooza, inapita na kusahaulika. Iliacha kijoto kidogo kooni, nikasema ni jua hili la Januari. Nikakunja pua. Maskini Moffat, angebaki tu na benki yake.

Basi nikainyanyua hiyo hiyo ya pili, nikapaza sauti kama mchungaji:

"Hii hapa! Hii ndiyo kali!"

Nikangoja Lambert agune.

Nikakivua kitenge.

Halafu mama Léocadie: "Ni kweli. Ya pili ndiyo ya Lambert."

Ua ukalipuka.

Lambert akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Ulimi wa Bellevue! Nani alisema huyu mtoto anadanganyika?"

Moffat akaanza kukusanya chupa zake taratibu. Moja ikasahaulika. Yaya akanijia. Alivifungua vidole vyangu, akachukua kitenge chake, akaingia ndani.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Jamani, nimekosea, mimi ya Moffat ndiyo niliyoiona kali. Basi. Kiapo kingembana shemeji pale pale.

Lakini watu walikuwa wanapiga makofi. Wanaliimba jina langu. Mtu ameshanifungulia kwart.

Nikainama, nikawashukuru.

Hakuna aliyemsumbua Lambert tena. Alikunywa kwa amani. Baridi ya Juni ilipoingia, tumbo lilikuwa limevimba, miguu imevimba, na pale getini Sandton anasimama mtu mwingine.

Wiki iliyopita hospitali ilimrudisha nyumbani. Nesi alimwambia yaya kwa upole, "Mpe chochote anachotamani."

Tukaelewa.

Jana mchana alitamani bia yake. Ndani hakuna. Yaya akapekua jikoni, akaikuta ile chupa ya Moffat iliyosahaulika, chini ya sinki. Akammiminia kidogo kwenye glasi yake ya siku zote, bila kumwambia ni ya nani.

Lambert akapiga funda. Akafumba macho. Uso ukalegea.

"Hii ndiyo bia," akasema. "Hii ndiyo yenyewe."

Yaya alitoka chumbani na ile chupa mkononi. Nikamfuata jikoni.

"Kumbe angeipenda," akasema. "Gaël, angeipenda! Ulishindwaje kudanganya kidogo tu, kwa ajili yangu?"

"Nilijaribu, yaya. Lakini ulimi wangu haujui uongo."

"Mwongo."

Tukageuka. Mama Léocadie alikuwa mlangoni, ameshika sufuria ya uji wa mgonjwa.

"Wewe ulifungwa macho, mimi sikufungwa," akaniambia. "Ya kwanza uliilamba mpaka povu. Ya pili ukakunja pua, halafu ukaitaja hiyo. Ulidhani ndiyo nyepesi. Hukujua kitu! Ungesema tu ulichokionja, ungeshindwa, na Lambert angefungwa na kiapo chake. Nikangoja useme mwenyewe. Nikakuona unainamia makofi."

Yaya akaniangalia. Hakulia. Afadhali angelia.

Nilikuwa na funzo zuri la kufungia mkasa huu, kuhusu watu wasiosikia daktari. Nilishaliandaa kabisa.

Kabla sijafumbua mdomo, sauti ikatoka chumbani, nyembamba, yenye furaha:

"Ulimi wa Bellevue! Njoo uonje hii ya kwangu, uwaambie hao!"