Kilemba Chekundu cha Mama wa Kioo

Jumapili, tarehe saba Julai. Asubuhi ukungu mzito. Saa tatu jua likachomoza.

Leo upepo umeleta harufu ya salfa wanayopulizia mikorosho, ikaingia mpaka kanisani, na mimi nikarudi utotoni bila kuaga. Mniwie radhi, shule yangu ilikuwa fupi.

Kanisa letu hapa Mkunya lina dirisha la vioo vya rangi, kumbukumbu ya vibarua wa mashambani. Mwanamke ameinama anaokota korosho, kichwani kilemba chekundu. Fundi hakumwekea macho. Jua likipanda, wekundu wa kilemba hushukia benchi la tatu. Ulimwangukia mzee mmoja, akafa. Ukamwangukia mama mmoja muuza vitumbua, naye akafa. Watoto tukasema mama wa kioo anachagua vibarua wake. Kwa haki niseme, yule mzee alikuwa mzee kwelikweli.

Nilikuwa na miaka minane siku wekundu ulipotua juu ya tumbo la mama, mimba ya miezi saba. Ukakaa pale kama kiganja. Nikamvuta khanga huku nalia, "Mama, toka hapo! Atamchukua mtoto!"

Bibi, mama yake baba, alikuwa ukingoni mwa benchi. Maneno yetu ya kitoto aliyajua yote.

"Mama Rehema, hebu tubadilishane," akasema. "Huyo wa tumboni hata kutambaa hajui, ataokota nini? Anayetaka kibarua achukue anayeijua kazi."

Wanawake wa nyuma wakacheka. Na mimi nikacheka. Wekundu ukampanda bibi kifuani, akatulia nao mpaka ibada ikaisha.

Mdogo wangu alizaliwa salama. Bibi hakuufikia msimu wa korosho.

Miaka mingi niliamini mimi ndiye niliyemtoa kafara. Ukubwani ndiyo nikakumbuka kuwa wiki ile alikuwa ametoka hospitali Ndanda, na khanga zake nzuri alishaanza kuzigawa. Alijua anakwenda, akaona kwenda kwake kuniondolee hofu. Nadhani hivyo. Sina hakika, na marehemu hasemewi.

Ila leo wekundu umetua mapajani kwa binti yangu.

"Sogea huku, tubadilishane."

"Kwani kuna nini, mama?"

"Jua litakuchoma."

Akasogea, nikakaa mimi. Jua la Julai huku kwetu halimchomi mtu.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Binti kaongeza mara mbili. Wangu nimeufunika bila kuugusa.