Fundi Aliyekuwa Ananusa Mafuta

Fundi wa breki tunayemzungumzia hapa wanamwita Pua, na si kwa sababu ana pua kubwa. Pua yake ni ya kawaida tu, tena ndogo ukiilinganisha na masikio yake. Jina alilipata kazini. Kwa miaka thelathini, gari likivuja popote, mwenye gari alikuwa anafuta na tambara, analeta tambara lile gereji, na Pua ananusa mara moja tu. "Haya ya injini." Au, "Haya ya usukani, tena yamezeeka." Mafundi wengine walikuwa wanalala chali chini ya gari nusu saa nzima wakitafuta, yeye ameshajibu akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi. Watu walimsifia mpaka kichwa kikamvimba kidogo, na haki yake, maana hakuwa anakosea.

Nyumbani alitumia pua hiyohiyo. Kila jioni, kabla hajavua viatu mlangoni, alikuwa anapaza sauti: "Mama watoto! Leo maharage, na kitunguu umekiunguza upande mmoja!" Siku nyingine: "Leo kuna mtu amepaka mafuta mapya ya nywele, au nimekosea nyumba?" Mkewe alikuwa anajibu kutoka ndani kwamba yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na mbwa wa polisi. Watoto wao wamekua, wameondoka, na nyumba imebaki ya watu wawili, lakini salamu hiyo haikubadilika.

Kisha akaugua mafua. Mafua ya kawaida ya siku nane, ya kunywa maji ya moto na kujifunika blanketi. Yalipoondoka yaliondoka na kila kitu. Alilijua hilo siku maziwa yalipochemka, yakamwagika, yakaungua hadi sufuria ikawa nyeusi, naye amekaa kwenye kigoda hatua tatu kutoka jikoni, anashona kifungo cha ovaroli. Mkewe alikuja mbio kutoka uani akipunga moshi kwa kanga. "Na wewe umekaa hapahapa!" Akasema alikuwa na mawazo. Mkewe alipotoka tena, Pua alinusa kitunguu, akanusa mafuta ya taa, akanusa soksi zake mwenyewe za siku tatu. Hakuna kitu. Ilikuwa sawa na kunusa ukuta.

Alisubiri pua irudi. Mwezi ukapita, miwili, ikafika sita. Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani kwamba fundi Pua hana pua? Mtaa mzima ungecheka wiki nzima, halafu ukimaliza kucheka ungepeleka magari kwingine. Kwa hiyo akajitia hamnazo. Akiletewa tambara analipeleka puani, anafumba macho kidogo kama zamani, kisha anajibu kwa kubahatisha: anaangalia rangi, anasugua kati ya vidole, anauliza kwa ujanja gari linavujia wapi. Mara nyingi alipatia. Uzoefu wa miaka thelathini haukai puani peke yake.

Nyumbani hakuweza kubahatisha. Aliogopa kusema maharage, kumbe ni ndizi. Basi akawa anavua viatu kimya, anaingia, anasema "Habari za hapa," kama mgeni. Mwanzoni mkewe alimuuliza kama amechoka. Baadaye akaacha kuuliza. Baadaye zaidi akawa anaweka chakula mezani, anatoka kwenda kukaa uani mpaka Pua amalize kula.

Katika hali hiyo ndipo shemeji yake alipoleta pikapu.

Shemeji ni mdogo wa mkewe, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti inayofika kabla yake. Kazi yake ni kusambaza mikate. Kila alfajiri anashuka kilima kwenda kiwanda cha mikate kilicho chini kabisa, anapakia, anapanda tena kwenda madukani. Bila breki nzuri, kilima kile hakimpeleki mtu kazini, kinampeleka kwenye geti la kiwanda.

"Shemeji," alisema siku ile, akaruka kutoka kwenye gari, "gurudumu la nyuma kushoto linalia machozi. Na nikikanyaga breki gari linataka kwenda kulia. Njoo unuse."

Pua alipiga jeki, akaweka magogo chini ya ekseli, akatoa gurudumu, akagonga dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, mpaka ikatoka. Ndani kulikuwa kumelowa, kweusi, vumbi la breki limechanganyika na mafuta hadi limekuwa tope. Sasa, mafuta yanayoweza kufika mahali pale ni ya aina mbili. Yanaweza kuwa mafuta ya breki, kutoka kwenye silinda ndogo inayosukuma breki shuu, vile vipande vinavyobana dramu. Au yanaweza kuwa mafuta ya difu, yaani ya gia za katikati ya ekseli ya nyuma, yaliyosafiri ndani ya ekseli yakapita kwenye sili iliyochoka, ule mpira wa kuyazuia. Kwa pua nzima jibu ni la sekunde moja, kwa sababu mafuta ya difu yana harufu yake mbaya ambayo ukiikuta mara moja hutaisahau.

Alichukua tope kwa kidole. Shemeji alikuwa anamwangalia. Mchomeleaji wa banda la jirani naye alikuwa amesimamisha kazi, miwani kipajini, anangoja onyesho. Pua akafumba macho, akavuta pumzi.

"Mafuta ya breki," akasema. "Silinda imekufa."

"Mnaona?" mchomeleaji akasema. "Mashine!"

Akabadilisha silinda, akafunga breki shuu mpya, akajaza mafuta ya breki mpaka kwenye mstari wa kichupa chake, akatoa upepo kwenye mabomba. Kazi safi kabisa. Ila ilikuwa kazi ya ugonjwa mwingine.

Wiki mbili baadaye pikapu ilirudi asubuhi, bampa ya mbele imeingia ndani na taa moja haipo. Shemeji hakuruka kutoka kwenye gari safari hii. Alishuka polepole, akaushika mlango kidogo kabla ya kuuachia.

"Geti la kiwanda," alisema. "Nilikanyaga breki, gari likavutika kulia, likateleza. Mlinzi aliruka. Sekunde moja tu, shemeji. Angechelewa sekunde moja ningekuwa nimeua mtu."

Kabla ya kushika jeki Pua alifungua boneti, akaangalia kichupa cha mafuta ya breki. Yalikuwa palepale kwenye mstari, hayajapungua hata tone. Gari linalovuja mafuta ya breki wiki mbili halibaki na kichupa kimejaa. Hata fundi wa siku ya kwanza anajua kuangalia hapo kwanza. Yeye alikuwa hajaanzia kwenye kichupa kwa miaka mingi, kwa sababu pua ilikuwa inajibu kabla hajafika kwenye boneti, na siku pua ilipokufa mkono ulikuwa umeshasahau kwenda huko.

Alitoa dramu. Breki shuu mpya zilikuwa zimelowa chapachapa. Shemeji alichukua tambara, akafuta, akamnyooshea.

"Haya. Nusa tena, na safari hii unuse vizuri."

Angeweza kulinusa. Alishalijua jibu, kichupa kimemwambia. Angefumba macho, aseme, "Aa, sasa na sili ya ekseli imekwenda," na shemeji angeamini kuwa ni ugonjwa mpya, na mchomeleaji angepiga makofi. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Kisha akaitazama ile bampa.

"Nusa wewe," alisema.

"Mimi?"

"Nusa, uniambie inanuka nini."

Shemeji alinusa, akarudisha kichwa nyuma. "Yai bovu! Yai bovu na kiberiti kilichowashwa. Hii nini?"

"Mafuta ya difu." Akavuta pumzi. "Shemeji, mimi sinusi. Mwezi wa sita huu. Tangu yale mafua. Siku ile nilikudanganya, nilibahatisha. Geti lako nimelivunja mimi."

Alingoja matusi. Shemeji yake ana matusi ya kutosha, na siku nyingine anayagawa bure. Lakini alibaki na tambara mkononi, anamtazama kana kwamba anapiga hesabu ndefu.

"Husikii harufu yoyote? Hata ya chakula?"

"Hata ya chakula."

"Hata mafuta ya nywele?"

"Shemeji, nimekwambia hakuna kitu."

"Wewe mwanaume!" Tambara likampiga kifuani. "Dada amebadilisha mafuta ya nywele mara tatu! Mara tatu! Amenunua ya waridi, amenunua ya karafuu, ya mwisho sijui ni ya nini, yananuka duka zima. Anapaka, anakungoja mlangoni, unapita kama umepishana na kabati. Ameniambia umemchoka. Amelia kwangu, shemeji, mtu mzima yule!"

Pua alikaa kwenye tairi la akiba. Mchomeleaji, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alishusha miwani machoni akarudi kuchomelea chuma ambacho kilikuwa kimeshachomelewa.

Gari lilikuwa bado la moto kutoka barabarani, na kazi ikaendelea kwa sababu mikate haingoji. Pua aliingia chini kulegeza kifuniko cha difu ili aone mafuta yamebaki kiasi gani. Kilipolegea tu, hewa ikatoka kwa nguvu: fyuuu! Akasimama na spana mkononi, kama anaweza kusemwa amesimama mtu aliyelala chali. Difu haipaswi kuwa na hewa iliyobanwa. Juu yake kuna kitundu cha kupumulia, ili ikipata moto hewa itoke. Alipapasa mpaka akakipata, kimezibwa na rangi nyeusi ngumu.

"Shemeji! Nani alipaka rangi huku chini?"

"Mimi. Kabla ya mvua. Niliambiwa inazuia kutu."

"Umeiziba pumzi difu yako. Hewa haina pa kutokea, inasukuma mafuta kwenye sili. Hata ningebadilisha sili kumi, zote zingevuja."

"Kwa hiyo geti tumelivunja wote wawili," shemeji alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake ilirudi ukubwa wake.

Pua alikwangua rangi, akazibua kitundu kwa waya mpaka akipuliza pumzi ikapita. Akavuta ekseli, akatoa sili ya zamani, akaangalia kama beringi imelegea, haikuwa imelegea. Akagonga sili mpya taratibu kwa kipande cha bomba ili isikae upande. Breki shuu zilizonywa mafuta hakuziosha, alizitupa, akaweka nyingine pande zote mbili. Akaongeza mafuta ya difu. Halafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake, aliweka maji kwenye glasi na kudondosha humo tone kutoka kwenye tambara. Likaelea juu. Mafuta ya breki yangechanganyika na maji. Alilitazama tone lile kwa muda. Glasi akaiacha juu ya kabati la spana, na ipo hapo mpaka leo.

Alipanda gari pamoja na shemeji, wakashuka kilima. Walisimama hatua nzima kabla ya geti, gari limenyooka. Walipanda, wakashuka tena. Pua akashuka kuangalia gurudumu kwa ndani. Kavu. Mlinzi aliwatazama kwa mbali, hakusogea.

Siku ile hakungoja jioni. Alifunga banda saa nane, akaenda nyumbani kwa miguu. Mlangoni alisikia sufuria ikigongwa na mwiko. Alisimama, viatu mguuni.

"Mama watoto!" aliita. Sauti ilikuwa na kutu.

Mwiko ukanyamaza.

"Leo umepika nini? Niambie wewe. Pua yangu imekufa tangu yale mafua, nikaona aibu kusema."

Kisha mkewe akatokea kwenye pazia, mikono na unga, macho yamemtoka. Alimtazama usoni muda mrefu, kama anatafuta mahali palipovunjika.

"Miezi sita," alisema.

"Miezi sita."

Alimkaribia mpaka kichwa chake kikawa chini ya kidevu cha mumewe, akasimama hapo bila kumgusa kwa sababu ya unga.

"Haya ni ya karafuu," akasema. "Ya waridi niliyaacha, yalikuwa yananiumiza kichwa. Na jikoni ni maharage. Kitunguu hakijaungua."

"Umeacha sufuria motoni?"

"Mungu wangu!" akasema, akakimbia ndani.