Uzi Uliofutwa kwenye Picha ya Kavutha

Kavutha wa Ndolo hajawahi kupanga foleni ya mwolyo, na hilo kila mtu wa upande wake wa Machakos analijua. Mwolyo ni yale mahindi ya msaada yanayoletwa na lori mvua ikikataa kunyesha. Mwaka ule ng'ombe walipokuwa wakianguka kama kuta za udongo, wanawake wenzake walienda na magunia yao, yeye akabaki kwake akisokota katani. Alisuka viondo, akauza, akanunua mahindi, akawapikia watoto muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, ambao ukitafuta haragwe ndani yake utachoka. Ndolo mumewe alikuwa ameshazikwa. Watu wakasema mama huyu ana kiburi. Ndiyo, anacho. Hakukiazima kwa mtu.

Kwa viondo hivyo watoto walisoma, na mkubwa sasa yuko Athi River kwenye kiwanda cha simiti. Kavutha mwenyewe shule aliiacha kabla haijamkolea. Anasoma herufi kubwa, tena polepole, na jina lake analiandika vizuri kabisa.

Sasa sikia alivyofanyiwa.

Siku moja alikuja kwake Zamzam, binti wa Othman, yule mwenye duka mjini ambako Kavutha hununua nyuzi za rangi. Msichana alikuwa amevaa sare ya shule, ile sekondari iliyo juu ya barabara.

"Shikamoo, susu," akasema. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na Zamzam amezaliwa hapa hapa.

"Marahaba. Babako amekutuma kuniambia nyuzi zimepanda bei tena?"

"Hapana, susu. Nimetoka kwa chama chetu cha wanafunzi. Tunachangia watu wa Sudan, wale wamefukuzwa na vita. Watoto huko wanakula majani. Tutakuwa na harambee, na vitu vitauzwa kwa mnada. Uko na kiondo hata kidogo utupatie?"

"Kidogo cha nini? Mtu ametoroka kwake na watoto mgongoni, na wewe unamwombea kidogo!"

Akampa kile alichokuwa akikisuka, kikubwa, cha mistari ya samawati na ya rangi ya udongo. Kilikuwa kimebakiza mshipi tu. Akavua viatu, akabana ncha ya katani kwa kidole gumba cha mguu, maana ndivyo anavyosokota tangu alipofundishwa na mamake, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, akiuvuta uzi. Zamzam akatoa simu.

"Nikupige picha, susu, watu wamjue aliyetoa."

"Piga. Lakini kiondo kionekane."

Kilionekana. Zamzam akamwonyesha, na Kavutha akaridhika, akampakulia na uji.

Baada ya siku chache Musili wa bodaboda alimpeleka sokoni. Walipofika, Kavutha akatoa nauli, Musili akarudisha mkono nyuma.

"Wacha tu, susu."

"Kwani pesa yangu imeoza?"

"Hapana. Hata mimi niko na roho. Nimekuona pale kwa geti ya shule. Pole sana."

"Pole ya nini? Nani amekufa?"

Musili akatazama tairi. Kavutha akamtilia nauli mfukoni kwa nguvu hadi koti likapinda, akaenda zake.

Jumapili akaja jirani yake Mumbua, waliyeolewa naye kijiji kimoja, amebeba paketi ya unga chini ya leso kana kwamba ameiiba.

"Mbona hukuniambia, Kavutha?"

"Nikwambie nini?"

"Kwamba mambo yamekushinda hivyo, mpaka shule ikuombee."

Kavutha aliinuka. Alichukua fimbo yake, wakapanda pamoja hadi kwenye geti, Mumbua na unga wake kwapani.

Bango lilikuwa refu kuliko mlango wa kanisa. Kitu cha kwanza alichotambua ni miguu, miguu yake yeye, mitupu, na ule ufa wa kisigino. Kisha akajiona mzima. Amekaa chini vumbini, kitambaa kimeteleza kichwani, amenyoosha mikono miwili mbele, viganja juu. Uzi haupo. Kiondo hakipo. Hata ukuta wa nyumba yake, uliopakwa chokaa, umeondolewa, na mahali pake pamewekwa moshi. Akasoma herufi zile kubwa moja moja: TUWAOKOE WAATHIRIWA WA VITA.

"Nimeombaomba," akasema. "Mumbua, hawa wamenifanya niombe."

Mwalimu Bartholomew, mlezi wa chama kile, alitoka ofisini akitabasamu.

"Mama, hiyo ni mfano tu. Uso wako unagusa watu sana."

"Mkononi nilikuwa na uzi. Uko wapi?"

"Kompyuta iliutoa. Ulikuwa unachanganya macho."

"Na watu wa vita wenyewe, hawana nyuso?"

"Picha za huko zinatisha, mama. Wageni hawawezi kula wakiziangalia."

Kavutha akamtazama mtu huyu mzima mwenye tai. "Kwa hivyo wale wanatisha, hawatakikani hata kwa harambee yao wenyewe. Na mimi niliyetoa nimegeuzwa wa kupewa. Teremsha hilo bango."

"Haiwezekani. Mheshimiwa mbunge anakuja Jumamosi, na watu wameanza kuchanga kwa sababu ya hiyo picha."

Njiani Zamzam aliwakimbilia akilia. Alikuwa amempa mwalimu picha yote, akasema, na bango alipoliona na kulalamika, akaambiwa asilete siasa.

"Machozi hayashoni kitu," Kavutha akamwambia. "Jumamosi utakuwa wapi?"

"Mimi ndiye nitakuwa nikitaja majina ya waliotoa vitu."

"Haya."

Mumbua alimsihi wiki nzima. "Ukiwaharibia, si Bartholomew atalala njaa. Ni wale watoto."

Neno hilo lilimchoma Kavutha, maana lilikuwa kweli. Angeweza kupanda na panga alichane bango, na alitamani sana. Lakini watu wangerudi makwao na pesa zao, na huko Sudan kuna mama ambaye hajui lolote kuhusu miguu ya Kavutha. Akalikalia neno hilo kama kuku kwenye mayai. Jumamosi akavaa rinda lake la kanisani, akatia katani ndani ya mfuko.

"Siharibu," akamwambia Mumbua. "Naenda kurudisha uzi wangu."

Mahema uwanjani mwa shule yalikuwa yamejaa, na bango limehamishiwa mbele. Mheshimiwa alikaa mbele na chupa yake ya maji, na harufu ya nyama choma ilitoka nyuma ya bweni, kwenye mkutano wa kuchangia watu wenye njaa! Mnada ukaanza. Jogoo akauzwa. Kisha mwalimu mwenyewe akainua kiondo cha mistari ya samawati. Karatasi aliyopewa Zamzam asome iliandikwa tu kwamba kimetoka kwa msamaria mwema.

Kavutha akainuka. Akapita katikati ya viti, akafika chini ya bango, akaketi vumbini. Akavua viatu, akavipanga. Akabana katani kwa kidole gumba, akanyoosha mikono miwili mbele, viganja juu, akaanza kuvuta.

Watu wakamtazama aliye chini, wakamtazama aliye juu. Mwanamke mmoja wa sokoni akapaza sauti: "Ngai! Kumbe alikuwa anasokota!"

"Mama, tafadhali, kiti chako kiko kule nyuma," Bartholomew akanong'ona.

"Niko kwa picha yangu. Endelea na kazi."

Zamzam aliikunja ile karatasi, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Kiondo hiki kimesukwa na Kavutha wa Ndolo, na ni yeye ametoa. Picha hiyo nilipiga mimi. Alikuwa anasokota mshipi wa kiondo hiki. Hakuomba kitu kwa mtu."

Vigelegele vilianzia kwa wanawake wa soko. Musili wa bodaboda akakinunua kiondo, akakirudisha kiuzwe tena, kama ilivyo desturi ya harambee. Mwingine akakinunua, akakirudisha. Kila mara Zamzam alitaja upya: kiondo cha Kavutha wa Ndolo. Kavutha hakuinua macho, ila uzi ulikuwa unatoka mwembamba, sawasawa. Mheshimiwa alikumbuka mkutano mwingine akaondoka. Bahasha aliiacha, na waliofungua wanasema haikuwa nene.

Jumatatu mwalimu aliwatuma wanafunzi wawili nyumbani kwake, wamebeba unga, sukari na mafuta ya kupikia. "Mwalimu anasema pole, susu."

Hasira ikampanda upya. "Nani amewaambia hapa kuna njaa? Kama ana neno, ana mdomo. Chukueni hivyo vitu, viongezwe kwa vya Sudan. Tena chukueni na paketi hii aliyoniachia Mumbua. Mkirudi, mniletee bango."

Wakalileta. Alilitandaza uani, uso chini, akamwaga mbaazi zake kavu juu yake, akaanza kuzipiga kwa fimbo. Ni turubai zuri, halipitishi vumbi.

"Lakini ulitoka vizuri kwa hiyo picha," Mumbua akasema, akichambua maganda.

"Nyamaza upepete."

Mwalimu Bartholomew mpaka leo hajaja kusema kwa kinywa chake kwamba alikosa. Njia ya kwa Kavutha anaijua, na si mbali.