Mama Filemoni na Mwavuli wa Julia

Mama Filemoni alikuwa fundi cherehani, jirani yangu pale Newala, na alikuwa na ujanja wake ambao wateja wote tuliujua tukanyamaza. Kila nguo aliyoshona, kifungo kimoja alikiacha kimelegea. Siku chache tu kinaning'inia, unarudi. Anakukazia bure, anakupa kigoda, anakuuliza habari za watoto mpaka jua linazama. Mumewe alikwisha fariki, na Filemoni alikuwa Dar es Salaam, hata salamu haleti. Vifungo vile ndivyo vilivyomletea watu.

Kisha biashara ya nje ikafunguliwa, mitumba ikamiminika. Marobota yalipokatwa sokoni tuliyakimbilia bila haya. Nani asubiri kushonewa shati, na la Ulaya liko pale chini kwenye turubai, vifungo vyake vyote vimekaza? Baraza la Mama Filemoni likabaki na cherehani na vumbi.

Kiangazi kimoja akaja Julia, msichana wa Kizungu aliyekuwa akiruka kwa mwavuli kutoka ukingoni, pale Shimo la Mungu, uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuanza huko chini. Tuliuita mwavuli, ingawa ulikuwa mrefu, umepinda kama ndizi, na mwenyewe ananing'inia kwa kamba chini yake. Siku moja upepo ulimbwaga juu ya mkorosho. Yeye alitoka mzima, ila tawi lilikipasua kitambaa. Kiraka na uzi wa kazi hiyo alikuwa navyo, alikosa mkono wa fundi.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe ni fundi."

"Marahaba mwanangu. Fundi ni mimi, ila nguo ya kurukia sijapata kushona."

Alishona siku nzima, na kesho yake pia. Julia alikaa naye barazani akimenya muhogo, akiuliza jina la kila kitu. Nilikuwa upande wa pili wa ua nikasikia Mama Filemoni anacheka. Kicheko kile nilikuwa nimekisahau, na kilinichoma.

"Nikitua salama bondeni, gari litanirudisha huku juu," Julia alisema. "Tutakula pamoja, mama."

"Nitachinja jogoo."

Jioni, ulipobaki mshono wa mwisho, Mama Filemoni aliniita.

"Hapa pembeni nikilegeza kidogo tu," akasema polepole, "utafumuka baadaye, wakati anaukunja. Ataniletea."

"Mama Filemoni! Yule ni mtoto wa watu, si shati!"

"Kwani sijui?" alifoka, machozi yakimlengalenga. Akapashona pale mara mbili, akakata uzi kwa meno.

Asubuhi mji mzima ulikuwa ukingoni. Mama Filemoni alisimama peke yake, pindo la kanga mdomoni. Julia alikimbia, mwavuli ukajaa, miguu yake ikaacha ardhi. Tulikiona kiraka, chekundu kwenye kitambaa cha njano. Kilishika. Upepo ukampandisha juu kabisa, ukampeleka upande wa Masasi, gari lake likimfuata barabarani kwa vumbi, hadi tukabaki tunatazama anga tupu.

Mama Filemoni alirudi kupika. Jogoo alikuwa huyohuyo mmoja, na ndoo nzima ya maji iliishia kwenye sufuria na kuosha sahani mbili, Newala hii ambako maji huombwa kama dawa. Akatandika mkeka, akakaa.

Alasiri alifika Nurdin, dereva wa lori la korosho, ametoka Masasi.

"Shikamoo mama. Yule mgeni wako katua Lisekese, mzima kabisa! Anasema tangu azaliwe hajaruka mbali hivyo. Gari limempakia palepale wakaendelea na safari. Anakusalimu sana."

"Marahaba. Ahsante, baba."

Aliifunika sufuria. Nilimhurumia, nikakaa kwenye mkeka pale alipopangiwa Julia, nikamwambia milima haikutani lakini binadamu hukutana, siku moja msichana atarudi tu.

"Harudi," akasema Mama Filemoni. "Nimeshona vizuri."