Filamu ya Meli Niliyomwekea Mama

Mama alishuka kutoka Rutshuru na unga wa mtama, maharagwe na kuku wawili wazima, akafika kwangu Keshero, akaliona ziwa, akakwama hapo. Alitakiwa avuke mpaka Bukavu kumhemba mdogo wangu aliyekuwa amejifungua. Kwetu mwanamke akizaa, mama yake humwendea na unga wa uji, akamkorogea kwa mkono wake mwenyewe. Kumtuma mtu mwingine hakuhesabiki.

Tena kulikuwa na jambo zito zaidi. Mtoto wa kwanza wa mdogo wangu aliishi majuma machache tu akafariki, na Mama alikuwa hajafika. Alikuwa akiahirisha kwa sababu ya maji: leo upepo, kesho mawingu. Safari hii mdogo wangu alinipigia simu, akasema maneno machache: "Umuambie Mama, kama hakuje na sasa hivi, asikuje tena." Nilimpelekea Mama ujumbe kama ulivyo. Akaenda kuwalisha kuku.

Siku zikapita. Asubuhi alifunga mzigo, adhuhuri akaufungua. Mimi si mtu wa subira, na nyumba yangu ni ndogo kwa watu wawili wasiotulia. Nilimwambia watu wanavuka kila siku, wenye mimba, wachungaji, hata mbuzi.

"Mbuzi, nani aliiuliza?" akanijibu.

Hapo nikapata wazo nililoliona la busara sana. Mama amekulia shambani, hajawahi kukanyaga chombo cha majini. Basi aizoee meli akiwa amekaa kwenye kiti changu. Nikaenda Katindo kwa muuza filamu, yule anayekujazia kwenye flashi, nikamwambia nataka yenye meli, kubwa, nzuri. Akanionyesha picha ya meli nyeupe ndefu kama mtaa, ina bwawa la kuogelea juu yake, na watu wamevaa kama wanakwenda harusini. Alinionya kwamba hiyo ni sehemu ya pili, kwamba ya kwanza ilikuwa filamu kweli, na hii wateja humrudishia wakiwa wamenuna. Sikujali. Mimi nilitaka meli tu.

Jumamosi mchana umeme ulikuwepo, nikaiwasha. Mwanzo ulinipa moyo. Watu wanakula, wanacheza dansi, glasi hazitikisiki mezani. Mtafsiri, yule anayesema Kiswahili juu ya sauti za wazungu, alitania kila aliyepita. Mama akatabasamu. "Iko sawa na nyumba," alisema, nami nikajipongeza kimoyomoyo.

Kisha majambazi wakatokea jikoni. Kapteni akatupwa majini. Moto ukashika chini, meli ikawa inakwenda yenyewe bila mtu, na shujaa, bwana mwenye misuli mingi na akili kidogo, akawapiga watu wenye bunduki kwa sufuria bila nywele yake hata moja kuhama. Nilikasirika. Upuuzi mtupu! Lakini Mama hakuona upuuzi. Alisimama, akakaa, akasimama tena, kitambaa chake cha kichwa kikiwa mkononi. Nikanyoosha mkono nizime.

"Acha," akasema. "Weye ndiye ulianzisha. Tuone kama banafika."

Meli ilikuwa imeelekea kwenye mwamba, na abiria wote wanapiga kelele, umeme ulipokatika.

Tukabaki tukikitazama kioo cheusi. Nilitamani kujizaba kofi. Mama alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akachungulia kwa jirani kama wao wanao umeme, akarudi, akachungulia tena. Nami nilikuwa nyuma yake kama kifaranga, nikimweleza kuwa hiyo ni filamu tu, kwamba ziwa letu halina majambazi wa namna ile. Hakunisikiliza.

"Bale bantu," akauliza hatimaye, "meli yabo ilikuwa naenda wapi?"

"Haiende fasi yoyote, Mama. Banalipa tu, banazunguka ku mayi, banarudia kwabo."

"Hakuna mwenye anaenda kuona mutu?"

"Hakuna."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja, Mama."

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewapakia. "Banaingia mu mayi yote ile, na hakuna mutu anabangojea?"

Akaketi sakafuni, akauvuta mzigo wake, akaanza kuufunga. "Miye, iko mwenye ananingojea," akasema. Umeme uliporudi hakutaka tuendelee, nami sikumshurutisha.

Jumatatu nilimsindikiza bandarini. Wanafunzi wangu walikuwa na mitihani, kwa hiyo alivuka na mama mmoja wa kanisani kwetu. Alipanda amefumba macho, mkono begani mwa mwenzake, midomo ikienda kwa sala. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma. Meli ilipoachana na gati nilitaka kupiga kelele wamrudishe.

Woga wake wote ukanihamia mimi. Darasani sikuweza kukaa. Nilizunguka kati ya madawati mpaka watoto wakadhani nawinda wanaonakili. Kila nilipotazama dirishani nilimwona yule kapteni wa kijinga akianguka, nikamlaani muuza filamu, nikajilaani na mimi. Kama Mama angepatwa na jambo, ni mimi niliyemsukuma, na mdogo wangu angekuwa amempoteza kwa neno lake mwenyewe.

Simu ikalia alasiri. Nilitoka nje nikikimbia.

"Amefika," alisema mdogo wangu. "Alitapika njia yote."

Nyuma ya sauti yake nikasikia kilio. Nikamuuliza mtoto ana nini.

"Mutoto analala," akasema. "Ni Mama ndiye analia. Ananiomba musamaha ya ule wa kwanza."

Nikamwambia akate simu, amshike.