Makopo ya Vanila ya Daktari Merrin

Kwa miaka kumi na minane Daktari Merrin Tregenza aliishi kwa nepi za watoto wa watu. Alizunguka Adelaide nzima akigonga milango: "Mama, mtoto kaharisha? Usitupe, nipe mimi." Alikuwa akisaka kirusi kinacholaza watoto wachanga hospitalini kila msimu wa baridi. Sampuli alizigandisha ndani ya makopo matupu ya aiskrimu, yaleyale tunayohifadhia misumari na supu. Mimi nilikuwa mwosha vyombo wa maabara, na friza ilikuwa moja tu, ya sampuli na ya chakula chetu. Enzi hizo nani alijali?

Bosi wetu, Profesa Colin Haddrick, alikuwa na mkono mrefu. Ukiacha pai yako humo, ushaiaga. Makopo ya Merrin tu ndiyo hakuyagusa, maana yaliandikwa KINYESI. Basi nasi tukaiga. Kufikia Juni, kila chakula cha maabara ile kiliitwa kinyesi.

Mwezi huohuo wakaja wageni wa wizara kuamua kama utafiti uendelee. Colin akaamuru kila kilichoandikwa kinyesi kichomwe, wasije wakaona uchafu. Merrin alikuwa mitaani. Nilisimama pale natazama moto, roho inaniuma. Bila sampuli za mwaka ule, miaka yake yote ilikuwa bure.

Aliporudi nikamwambia, "Merrin mwenzangu, wamekuchomea kila kitu."

"Wamechoma keki zenu," akasema. "Mimi nimechoka kufungua kopo nikakuta tambi. Zangu nimeziandika vanila tangu juzi."

"Vanila? Colin kapeleka vanila kwa wageni, chai ya saa nne."

Tulikimbia. Tulimkuta kasimama mbele ya meza, kifuniko mkono huu, kijiko mkono ule, mpiga picha wa wizara anamlenga. Wageni walikuwa wamesogeza viti nyuma.

Mwingine angezimia. Colin alikohoa kidogo. "Nilitaka muione kazi yangu kwa macho yenu," akasema. "Hapa hatufichi kitu."

Wakampigia makofi, jamani. Utafiti ukapita, kirusi kikapatikana kwenye makopo yaleyale, na ripoti ilipotoka jina la Colin lilitangulia. La Merrin lilikuwa la nne. Nililia kwa hasira. Yeye hakulia.

Aliomba ile picha wizarani, ya Colin na kijiko chake, akaitundika chumba cha chai. Chini yake akabandika karatasi moja aliyoibandua kwenye makopo yake siku alipoyageuza vanila.